Kazi Inayosubiri: Mwongozo kwa Wanaoendesha Miradi ya Tovuti Unguja

Chukua mradi wa tovuti uliokuchelewea mara ya mwisho, ufungue kalenda, uzihesabu siku zake moja moja. Hesabu kwanza siku ambazo mtu wa timu yako alikaa mbele ya kompyuta akaifanya kazi ile hasa. Kisha hesabu siku ambazo kazi ililala. Tuseme ni tovuti ya nyumba ya wageni yenye vyumba 12 huko Jambiani: kurasa sita, bei, picha na fomu ya kuulizia nafasi. Kuisanifu na kuiandika ni kazi ya siku 12, ikizidi sana 15, lakini imechukua miezi minne. Siku nyingine zimekwenda wapi? Picha zilimngoja mpiga picha, na mpiga picha alingoja vyumba viwe tupu. Bei za msimu zilimngoja mwenye nyumba arudi safari. Maelezo ya Kiingereza yalingoja mtu wa kuyasahihisha, na ukurasa uliokwisha ulikaa wiki mbili kwenye simu ya meneja bila jibu. Katika yote hayo hakuna hata moja ambalo lingepona kwa kuwahimiza waandishi wa programu wafanye haraka. Hoja ya mwongozo huu ni hiyo: tovuti nyingi huchelewa kwa sababu ya kusubiri, na kiongozi wa mradi anayetaka timu yake izalishe hana budi kukusimamia kusubiri huko kama anavyoisimamia kazi yenyewe.

Ushahidi wa kwanza ni wa hesabu. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alichapisha uthibitisho wa kanuni ya foleni ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Kanuni yenyewe ni nyepesi: wastani wa vitu vilivyomo kwenye foleni ni sawa na idadi inayoingia kwa muda fulani, mara muda ambao kila kimoja hukaa humo. Haichagui kama kinachosubiri ni wagonjwa, makontena bandarini Malindi, watu waliopanga mstari Forodhani kungojea urojo, au tovuti. Iweke kwenye ofisi yako, iwe chumba kimoja Amani karibu na uwanja au ghorofa ya juu Shangani. Ikiwa timu hukamilisha tovuti mbili kwa mwezi na mikononi mwake zimo nane, kila mteja atasubiri wastani wa miezi minne. Zipunguze zilizo mikononi ziwe nne, kasi ya kukamilisha ibaki ile ile, na kila mteja ataipata kazi yake kwa miezi miwili. Hakuna aliyekesha wala kompyuta mpya iliyonunuliwa. Ni kwamba kazi nne hazikufunguliwa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo weka sharti: timu ya watu watatu isiwe na kazi zaidi ya tatu zilizo wazi kwa wakati mmoja. Ya nne iandikwe kwenye foleni, ipewe tarehe ya kuanza, na mteja aambiwe tarehe hiyo kwa maandishi.

Najua jibu linalokuja hapo. Mji ni mdogo, mafundi wa tovuti ni wengi, vijana wanamaliza SUZA na Taasisi ya Karume kila mwaka. Mteja ukimwambia angoje wiki tano, atakwenda mtaa wa pili na huko ataambiwa karibu leo leo. Ni kweli kwamba wengine watakwenda. Lakini tuulizane unachomuuzia mtu unapomwambia karibu leo leo na huku una kazi saba. Unamuuzia kuanza tu. Ataona ukurasa wa mbele wiki ya kwanza, atafurahi, atawaonyesha jamaa zake, kisha utaingia ukimya wa miezi, na katika mji ambao habari hupita barazani baina ya magharibi na isha, ukimya huo utakugharimu wateja wengi kuliko yule mmoja uliyemzuia asiende. Chukua malipo ya awali kidogo ya kumshikia nafasi, na hapo hapo mpe orodha ya vitu anavyotakiwa kuwa navyo siku ya kuanza: picha, bei, maelezo, jina la mtu atakayeamua. Wiki zake tano za foleni zinakuwa wiki zake za matayarisho. Akija na vitu vyote, kazi yake itakwisha kabla ya ile iliyoanza mapema bila picha hata moja.

Mwenye ofisi naye ana pingamizi lake. Kazi zikiwa tatu tu, atasema, kuna siku kijana atakaa bila shughuli na mshahara unalipwa pale pale. Hapa ndipo wengi wanapochanganya kushughulika na kuzalisha. Daladala ya Fuoni inayongoja ijae ndipo iondoke haina kiti kitupu, na konda ameridhika. Lakini abiria wa kwanza kupanda, aliyekaa dirishani nusu saa jasho likimtoka, ndiye anayelipia viti hivyo kujaa. Elimu ya foleni, iliyoanza na Mdenmaki Agner Krarup Erlang alipochapisha hesabu za simu za Copenhagen mwaka 1909, inaueleza ukweli huo kwa namba. Katika foleni ya kawaida ya mhudumu mmoja, ambayo kazi huingia ovyo bila ratiba, mhudumu akiwa ameshughulika nusu ya muda wake, anayekuja husubiri kwa wastani muda wa kazi moja. Akishughulika asilimia 90, husubiri muda wa kazi tisa. Akifika asilimia 95, kazi 19. Yaani zile asilimia za mwisho unazozibana ili mtu asikae bure ndizo zinazoiziba njia. Na kijana aliyepata nusu siku hana haja ya kukaa bure: aijaribu tovuti ya mwenzake kwenye simu ya bei nafuu yenye mtandao hafifu, au apime kama nakala rudufu zinafunguka. Bora zaidi, amsaidie mwenzake kuimaliza kazi iliyokaribia kwisha.

Kazi ikichelewa, dawa ya kwanza inayomjia kila mtu ni kuongeza watu. Fred Brooks, aliyeongoza utengenezaji wa mfumo mkubwa wa kompyuta za IBM katika miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake cha 1975 kwa nini dawa hiyo huzidisha ugonjwa: mgeni wa kazi hufundishwa na wale wale waliochelewa, na kila anayeongezeka huongeza mazungumzo. Timu ya watatu ina njia tatu za kuongea. Ya watano ina 10, ya wanane ina 28. Tovuti ya bima ya afya ya serikali kuu ya Marekani ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013 baada ya kujengwa na makandarasi kadhaa wa kadhaa, kila mmoja na kipande chake, na majaribio ya vipande vyote kwa pamoja yalifanywa wiki mbili za mwisho tu. Siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha walikuwa watu sita. Mikono haikukosekana. Vipande vilikaa mbalimbali vikingojana mpaka siku za mwisho. Ukiwa na kazi iliyochelewa pale ofisini, punguza kinachotakiwa kabla ya kuongeza mikono. Uliza ni kurasa zipi mgeni anazihitaji ili aweke chumba, uzimalize hizo, na hadithi ya mwanzilishi wa hoteli ije mwezi ujao.

Kusubiri kukubwa kuliko kote ni kumsubiri mteja, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo miezi inapopotelea. Nyumba nyingi za wageni Unguja ni mali ya familia au ya ubia. Kuna mwenye ardhi, kuna mshirika aliyeko ng'ambo, kuna meneja, na kila mmoja ana neno juu ya rangi. Kabla kompyuta haijafunguliwa, uliza kwa adabu lakini waziwazi: nani akisema ndiyo, basi ni ndiyo? Jina hilo liandikwe kwenye mkataba. Kisha dai maneno na picha kabla ya usanifu. Ukurasa uliosanifiwa kwa maneno ya uongo hufanywa upya maneno ya kweli yakija, kwa sababu chumba ulichokipangia mistari miwili kimeletewa aya nne. Jibu nalo lipewe muda: ukurasa ukipelekwa kukaguliwa, siku tano za kazi zikipita kimya, kazi inarudi mwisho wa foleni na inayofuata inaingia. Sharti hilo likielezwa mwanzoni halimuudhi mtu. Likizushwa katikati linamuudhi. Mwisho, weka daftari la kusubiri. Liwe na safu tatu: kinachosubiriwa, kinasubiriwa kwa nani, tangu lini. Lisomwe kila asubuhi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kazi hii mali yenyewe ni siku. Ujumbe unaotoka kwenye daftari hilo una nguvu nyingine kabisa. "Tunakumbusha vile vitu vyetu" haumfanyi mtu ainuke. Lakini andika hivi: "Assalaam alaykum, mzee wangu. Zimebaki bei za Julai na Agosti tu, tunazingoja tangu tarehe 3. Ukizituma leo, ukurasa utafunguka keshokutwa." Mzee ataona kwamba jambo ni dogo, ni lake, na lina malipo ya haraka.

Wapo watakaosema kwamba mteja aliyelipa hawezi kukaa mwezi bila kuona kitu, na hapo wana haki. Inasimuliwa juu ya majumba ya Mji Mkongwe kwamba mlango ule wa kuchongwa ulisimamishwa kwanza, ndipo nyumba ikajengwa kuuzunguka. Fanya hivyo hivyo. Wiki ya kwanza andikisha anwani ya mtandao ya mteja, iwe ya .co.tz au hata .hotel.tz iliyotengwa kwa ajili ya biashara hii hasa, na uweke ukurasa mmoja tu wenye jina, namba ya simu, ramani na picha moja nzuri. Ukurasa huo uwe hai, mtu wa Milano auone kama anavyouona mtu wa Mwanakwerekwe. Tangu siku hiyo kila kipande kinachokamilika kinafunguliwa siku ile ile. Mteja anaiona nyumba ikipanda, na wewe unagundua wiki ya kwanza, si usiku wa mwisho, kwamba seva ni nzito au barua pepe za fomu hazifiki.

Vipande hivyo vina namna ya kuandikwa, na ukali wa kuviandika ndio unaotenganisha timu inayokwenda na inayozunguka. Kadi ya kazi iliyoandikwa "tengeneza ukurasa wa vyumba" haina mwisho. Kijana ataifanya siku mbili, ataulizwa kwa nini hakuweka bei, ataifanya siku mbili nyingine. Iandike hivi: "Mgeni akifungua ukurasa wa vyumba kwenye simu, aone picha na bei ya kila chumba kwa dola, akibonyeza Uliza Nafasi na kujaza tarehe, ujumbe ufike kwa mapokezi ndani ya dakika moja." Sasa kuna kitu cha kupimwa, na yeyote ofisini anaweza kusema imekwisha au haijaisha. Kipande kama hicho kisizidi siku mbili au tatu, kikizidi, kigawe. Utasikia kwamba kutoa kazi vipande vipande kwa haraka huleta makosa mengi, na hofu hiyo ni ya heshima, lakini utafiti wa miaka kadhaa uliokusanywa na Nicole Forsgren na wenzake katika kitabu chao cha 2018 ulikuta kinyume chake: timu zinazotoa mabadiliko madogo mara kwa mara ndizo pia zilizokuwa na hitilafu chache na zilizozirekebisha upesi. Sababu si ngumu. Badiliko dogo likiharibika unajua ulichokigusa. Na mabadiliko madogo ndiyo maisha ya tovuti za hapa. Tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni wa nje anayekuja Zanzibar alianza kutakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hununuliwa mtandaoni. Siku ile kila hoteli na kila kampuni ya kutembeza watalii ilihitaji sentensi mbili mpya kwenye ukurasa wake wa maelezo ya safari. Timu iliyosongwa na kazi nane zilizo wazi haina nafasi ya sentensi mbili, na mgeni anashuka uwanja wa ndege Kisauni bila kujua.

Juu ya WhatsApp nitasema machache. Ni mahali pa salamu na dharura. Uamuzi uliotolewa humo ukahamishiwe kwenye kadi au daftari kabla ya jua kuzama, la sivyo umezikwa chini ya picha za harusi. Na tangu saa mbili hadi saa sita mchana watu waachwe wafanye kazi bila kupigiwa simu. Ramadhani saa hizo za asubuhi ndizo zenye nguvu zaidi, na mwezi huo, kwa kuwa hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, uwekwe kwenye ratiba mapema na kazi ipangwe nyepesi.

Kalenda ya kisiwa ina tarehe nyingine zisizosogezwa. Uwanja wa Amani, uliofunguliwa 1970, ulifungwa kwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena Desemba 2023, kwa sababu sherehe za miaka 60 ya Mapinduzi zilikuwa Januari 12 na historia haiahirishwi. Tovuti zako nyingi zina Januari 12 yake. Tamasha la muziki la Sauti za Busara ni Februari tangu 2004, na wageni wa kiangazi cha Ulaya huanza kujaa Juni na Julai. Tarehe ikiwa imefungwa, kinacholegezwa ni ukubwa wa kazi, na anayekuambia kwamba tarehe, ukubwa na bei vyote vimefungwa anakuomba umdanganye. Panga kurudi nyuma kutoka siku ya msimu. Hoteli nyingi za pwani hupungukiwa na wageni au hufunga kabisa Aprili na Mei, masika inaponyesha, na huo ndio wakati ambao meneja anapokea simu na vyumba viko tupu kwa mpiga picha, ingawa mpiga picha ataivizia siku ya jua. Anayeanza Mei ana nafasi. Anayeanza katikati ya Juni atamngoja meneja mpaka Oktoba.

Limebaki pingamizi zito zaidi: kwamba kuchelewa kwetu si kwa wateja wala kwa mpango, ni kwa umeme na intaneti. Halina uongo. Kuanzia Mei 2008 Unguja ilikaa kiasi cha mwezi mzima bila umeme kutoka bara, na tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010 ikakaa tena miezi mitatu, kwa kuwa kisiwa kizima kiliutegemea waya mmoja unaopita chini ya bahari. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na Tanzania yote ikaelemewa. Kwa hiyo weka inveta, weka laini ya pili ya kampuni nyingine, na kila mwandishi wa programu awe na nakala kamili ya kazi kwenye kompyuta yake ili aendelee mtandao ukiwa haupo. Lakini ukishafanya hivyo rudi kwenye daftari la kusubiri, uzihesabu siku zilizopotea kwa umeme mwaka huu na zile zilizopotea kwa picha, bei na majibu. Uziweke hizi kando ya zile kabla ya kuulaumu waya.

Kisha ujiulize nani ndani ya timu yako ni waya mmoja wa namna ile. Mara nyingi ni kijana hodari, mpole, ambaye peke yake anajua neno la siri la seva na ndiye aliyeziandikisha anwani za wateja kwa barua pepe yake binafsi. Akiugua, au akipata kazi Fumba au Muscat, ofisi nzima inamngojea. Mpe likizo ya wiki moja akiwa bado yupo, simu yake imezimwa, uone kipi kinasimama. Kila kilichosimama kiandikwe na kifundishwe kwa mtu wa pili. Anwani ya mtandao iwe kwa jina la mteja mwenyewe, si la fundi. Maneno ya siri yawe mahali ambapo watu wawili wanaweza kuyafikia. Nakala rudufu ifunguliwe kwa majaribio kila mwezi, maana ile ambayo haijawahi kufunguliwa hakuna anayejua kama ni nzima.

Jumatatu ijayo, kabla hujapokea malipo ya awali ya mtu mwengine, chukua karatasi moja uandike kazi zote zilizo wazi ofisini mwako, na mbele ya kila moja jina la mtu anayesubiriwa. Ukikuta jina lako mwenyewe limejirudia, anza na hizo.